Mistari ya gesi kwenye nuru ya kwasari: dalili, sababu na namna ya kutatua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyeko Unguja au Pemba, mwenye kompyuta, bando na spektra (vipimo vya mwanga vilivyopangwa rangi kwa rangi) alizozishusha bure kutoka hifadhi za umma, anayetaka kuisoma gesi iliyozizunguka galaksi. Dalili nilizozipanga hapa ndizo zinazorudi kila mwaka wa masomo: ujumbe ule ule, picha ile ile ya grafu, swali lile lile usiku wa manane.

Kazi yenyewe ni hii. Kwasari ni kiini cha galaksi ya mbali sana, kinachong'aa kupita nyota zote za galaksi yake, na nuru yake huchukua mabilioni ya miaka kutufikia. Njiani nuru hiyo hupita karibu na galaksi nyingine, na gesi ya galaksi zile, nyepesi mno kuonekana yenyewe, hufyonza rangi chache mahsusi. Simama ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao nje huko: matawi ya mikoko yaliyo baina yako na taa huyaoni, unayajua kwa pale yanapoukata mwanga. Gesi nayo tunaijua hivyo hivyo. Kila bonde jembamba kwenye spektra, tunaloliita mstari, linasema kuna atomu fulani, kiasi fulani, zikienda kasi fulani.

Tabu ni kwamba vitu vingi vinaukata mwanga huo kabla haujafika kwenye grafu yako. Kwa hiyo lawama ianze karibu, iende mbali: kwanza kompyuta na faili, halafu mashine ya kupimia, yaani spektrografu, halafu hewa ya dunia, halafu gesi ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, halafu kwasari yenyewe. Galaksi ya mbali ije mwisho, wengine wote wakishaondolewa shaka. Dalili hapa chini zimefuata takriban mpango huo, na ndani ya kila dalili sababu ya kawaida zaidi imetangulia.

Faili halifunguki, au grafu ni tupu

Mara nyingi faili limeshuka nusu. Bando limekwisha katikati, au umeme umekatika na kifaa cha intaneti kikazima. Linganisha ukubwa wa faili lako na ule ulioandikwa kwenye hifadhi. Ukipungua hata kidogo, lifute na ulishushe upya. Kwa spektra za SDSS (Sloan Digital Sky Survey, mradi mkubwa wa kuipima anga) chukua toleo jepesi la faili, lile lenye spektra iliyojumlishwa tu bila vipimo vya kila mfichuo mmoja mmoja. Kwa kuanzia hukosi chochote, na bando linasalimika.

Ikiwa faili ni zima, huenda unasoma sehemu isiyo yake. Faili la FITS, aina ya faili wanayoitumia wanaastronomia, lina sehemu kadhaa, na hesabu huanzia 0. Kwenye SDSS sehemu namba 0 ni maelezo. Jedwali la spektra limo kwenye namba 1. Kisha angalia mhimili wa chini wa grafu: ukianzia karibu na 3.55 na kuishia 4.02, umechora logi ya urefu wa wimbi. Pandisha 10 kwa namba hizo na utapata angstromu 3,600 hadi 10,400 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita).

Grafu ikiwa na miiba mirefu inayofanya kila kitu kingine kionekane bapa, kagua safu ya ivar. Hiyo ni moja gawanya kwa mraba wa shaka ya kila pikseli, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea. Palipo na sifuri hapana habari yoyote, hata kama safu ya mwanga imeandikwa namba. Zifiche pikseli hizo kabla ya kuchora.

*Simama hapa:* kompyuta ikizima yenyewe, ikitoa harufu ya kuungua, au betri ikivimba na kuinua kibodi, usiendelee na usiichokonoe. Hewa yetu ya chumvi hula viunganishi polepole, na umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika huunguza chaja. Zima, chomoa, mpelekee fundi. Spektra zitakungoja.

Bonde liko pale pale kwa kila kwasari

z ni kipimo cha jinsi nuru ilivyotanuka kuelekea wekundu njiani: kila urefu wa wimbi huzidishwa kwa 1+z, na z kubwa ni umbali mkubwa. Chora kwasari tatu zenye z tofauti kabisa, moja juu ya nyingine, kwa urefu wa wimbi kama ulivyopimwa. Bonde likisimama mahali pamoja kwa zote tatu, halikutoka mbali. Galaksi tatu zisizojuana haziwezi kupangana hivyo.

Wa kwanza kushukiwa ni hewa ya dunia. Oksijeni hukata mwanga kuanzia angstromu 6,867 na tena, kwa nguvu zaidi, kuanzia 7,594. Mvuke wa maji hukata kuzunguka 7,200 na 8,200, na kupita 9,000 unazidi. Ukiona umepata magnesi kwenye z ya 1.72 katika kwasari moja baada ya nyingine, ujue unasoma oksijeni: mstari wa magnesi wa 2,796 ukizidishwa kwa 1+z, yaani 2.72, unaangukia pale pale palipo na bonde la hewa.

Huulizwa sana kama unyevu wa masika yetu unaweza kuharibu vipimo. Hauwezi. Mvuke unaohesabika ni ule uliokuwa juu ya darubini usiku wa kupima, na darubini ya SDSS ya mita 2.5 iko Apache Point huko New Mexico, Marekani, mita 2,788 juu ya usawa wa bahari. Waliojenga huko juu walikimbia mvuke huo, na bado haukuwaacha kabisa.

Wa pili ni mng'ao wa anga lenyewe: oksijeni ya juu kwenye 5,577 na 6,300, natiri karibu na 5,890. Programu huuondoa, lakini mabaki hubaki. Unayatambua kwa kuwa ni membamba, pikseli mbili tatu, mara yamepanda mara yameshuka, hayana umbo la mstari wa kweli. Baada ya hapo tazama karibu na 6,000, ambapo spektra za kamera ya bluu na kamera nyekundu zimeungwa. Pale panaweza kutokea ngazi au mshuko usiokuwepo angani.

Halafu kuna gesi ya Njia Nyeupe. Kalisi kwenye 3,934.8 na 3,969.6, natiri kwenye 5,891.6 na 5,897.6: mistari hii ikikaa kwenye z ya sifuri, umeiona gesi ya galaksi tunayoishi ndani yake. Hiyo ni gesi ya kweli na ina thamani yake, wako watu waliojenga maisha yao ya utafiti juu yake. Ila siyo ya galaksi unayoitafuta, basi iandike kando.

Tiba nyepesi ni kujitengenezea orodha ya vipande vya urefu wa wimbi usivyovigusa. Kuisahihisha hewa kwa kutumia nyota ya kulinganishia au modeli ya angahewa ni kazi ya mwenye uzoefu. Ukiifanya kwa kubahatisha utaongeza mabonde badala ya kuyaondoa.

Bonde lipo, lakini hujui ni la nini

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, na ndipo wengi wanapokwama.

"Maalim, hii ni kaboni au magnesi?"

"Hebu kwanza, mwanangu. Uko mmoja au mapacha?"

Ioni nne zinazotufaa sana huja kwa mapacha: magnesi iliyopoteza elektroni moja, Mg II, kwenye angstromu 2,796.35 na 2,803.53, kaboni iliyopoteza elektroni tatu, C IV, kwenye 1,548.20 na 1,550.77, silikoni, Si IV, kwenye 1,393.76 na 1,402.77, na oksijeni, O VI, kwenye 1,031.93 na 1,037.62. Nuru ikivutwa kuelekea wekundu, mapacha wote wawili huzidishwa kwa 1+z, kwa hiyo nafasi baina yao kwa hesabu ya angstromu hutanuka, lakini mgao wa mmoja kwa mwenzake haubadiliki. Ukiisoma kama kasi, mapacha wa magnesi wameachana kilomita 769 kwa sekunde, wa kaboni kilomita 498. Pikseli moja ya SDSS ni kilomita 69 kwa sekunde. Basi hesabu kwa kidole kwenye skrini: pikseli 11 ni magnesi, pikseli 7 ni kaboni.

Tuchukue mabonde mawili, moja kwenye 5,033.4 na jingine kwenye 5,046.4. Mtu anasema ni kaboni. Sawa, tumjaribu: 5,033.4 gawanya kwa 1,548.20 ni 3.2511, yaani z ya 2.251. Kwa z hiyo pacha wa pili alipaswa kuwa 5,041.7. Hapo pako patupu, mwanga umepita bila kuguswa. Kaboni imetoka. Sasa magnesi: 5,033.4 gawanya kwa 2,796.35 ni 1.8, z ya 0.8, na pacha wake anapaswa kuwa 5,046.4. Ameketi hapo hapo. Usisherehekee bado. Magnesi mara nyingi hufuatana na chuma, Fe II, chenye mistari ya 2,382.76 na 2,600.17, basi tazama 4,289.0 na 4,680.3. Ukikuta mabonde madogo huko, una mfumo wa gesi kwenye z ya 0.8 na hakuna atakayekupokonya.

Kagua pia nani kati ya mapacha ana nguvu. Wa bluu, mwenye urefu mfupi wa wimbi, hufyonza mara mbili ya mwenzake gesi ikiwa kidogo. Gesi ikizidi hukaribiana hadi kulingana. Wa wekundu hawezi kumshinda wa bluu. Akimshinda, kuna mstari wa mfumo mwingine umepandia juu yake, au kelele (mtikisiko wa bahati tupu kwenye vipimo), au hao si mapacha.

Na bonde likiwa moja tu? Sababu ya kawaida kabisa ni kelele. Spektra moja ya SDSS ina pikseli zinazokaribia 4,600. Kwa bahati tupu pikseli kama 6 zitashuka zaidi ya mara tatu ya shaka yake. Linaweza pia kuwa pacha mwenzake amefunikwa na mabaki ya anga au ametoka nje ya mipaka ya mashine. Liandike kama la kushukiwa, lisubiri.

*Simama hapa:* ukiwa na mstari mmoja pekee na z unayoipenda, usitangaze chochote. Omba spektra yenye uwezo mkubwa zaidi wa kutenganisha rangi. Vipimo vya UVES vya darubini ya VLT na vya HIRES vya darubini ya Keck viko wazi kwa kwasari mamia, na pengine yako imo.

Mistari yote imesogea kidogo

Unaijua z, unaweka alama za mistari, na kila alama inakosea bonde kwa kiasi kidogo upande ule ule.

Mara nyingi umetumia z ya kwasari kutoka kwenye katalogi ukaidhania kuwa ni ya gesi. Hizo ni mbili tofauti. Tena hata z ya kwasari yenyewe haiaminiki moja kwa moja: mistari yake mipana, hasa C IV, hutoka kwenye gesi inayosukumwa nje, na huweza kusogea kuelekea bluu kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, kwa baadhi ya kwasari zaidi ya elfu. Pima z ya gesi kwa mistari ya gesi.

La pili ni hewa dhidi ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Nuru ndani ya hewa ina urefu wa wimbi mfupi kidogo kuliko kwenye ombwe. Kwenye angstromu 5,000 tofauti ni kama 1.4, sawa na kilomita 83 kwa sekunde. SDSS huandika urefu wa ombwe. Majedwali mengi ya maabara ya zamani huandika wa hewa. Ukiona natiri imeandikwa 5,889.95, hilo ni jedwali la hewa. La ombwe lingesema 5,891.58.

La tatu ni mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao huongeza au kupunguza hadi kilomita 30 kwa sekunde kutegemea tarehe na upande wa anga. SDSS imeshaurekebisha. Ukiurekebisha tena umeuharibu, kwa hiyo soma maelezo ya faili kwanza.

Jaribio la kutofautisha: badilisha kila kosa kuwa kasi. Yakiwa sawa kwa mistari yote, ni mojawapo ya haya matatu. Yakitofautiana kutoka mwanzo hadi mwisho wa spektra, mashine haikupimwa vizuri kwa taa yake ya kulinganishia.

*Simama hapa:* hilo la mwisho usilitengeneze nyumbani. Linahitaji vipimo ghafi na mtu anayeijua spektrografu ile.

Upana unabadilika kila ukipima

Upana linganifu ni upana wa mstatili wenye eneo sawa na bonde, kuanzia kontinuamu hadi sifuri. Ni kipimo kizuri kwa sababu hakitegemei ubora wa spektrografu. Bonde likisambaa, eneo lake linabaki. Lakini lina adui mmoja mkubwa, nayo ni kontinuamu yenyewe, ule mwanga ambao kwasari ingekuwa nao kama gesi isingekuwepo.

Mwanga huo huuoni, unaukadiria. Na kosa la kawaida ni kutumia polinomia ya daraja la juu mno, inayojipinda hadi ikaingia ndani ya bonde na kulinywa. Kwenye grafu utaona mstari wako wa kontinuamu umeinama taratibu juu ya bonde, kana kwamba umelihurumia. Ficha mabonde yote kwanza, kisha pitisha mstari laini kwenye sehemu safi za pande zote mbili. Bonde likikaa juu ya mstari mpana wa kung'aa wa kwasari, fanya kwa mkono na upanuke polepole kutoka pande. Halafu mpe mwenzako afanye bila kuona kazi yako. Tofauti baina yenu ndiyo shaka ya kontinuamu, na iandikwe kwenye matokeo. Nalisisitiza hili kwa sababu makaratasi mengi ya wanafunzi yana shaka ya kelele tu, na matokeo yake yanaonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Upana ukiwa mkubwa kupita matarajio, kagua kama umegawanya kwa 1+z. Kwenye z ya 0.8 mstari wa 0.30 unaonekana 0.54 usipogawanya. Na usipime kwenye spektra uliyoilainisha. Kulainisha ni kwa macho, na huzifanya pikseli jirani zigawane kelele hadi hesabu ya shaka ikapotea.

Mstari umejaa, na kiasi cha gesi hakieleweki

Gesi ikiwa kidogo, upana huongezeka sambamba na idadi ya atomu, na hesabu ni nyepesi: atomu kwa kila sentimita ya mraba ni 1.13×10^20 mara upana, gawanya kwa f na kwa mraba wa urefu wa wimbi, vyote kwa angstromu. f ni nguvu ya mstari: 0.616 kwa magnesi ya 2,796 na 0.306 kwa ya 2,803.

Mapacha hapa wanakuwa mashahidi. Tuseme umepata 0.30 kwa wa bluu na 0.25 kwa wa wekundu. Wa bluu atakwambia 7.0×10^12. Wa wekundu atakwambia 1.2×10^13. Ni gesi moja, na mashahidi wamepishana karibu mara mbili: mstari wa bluu umejaa, na atomu nyingi zimejificha nyuma ya nyingine. Andika jibu kama kiwango cha chini, "si chini ya 1.2×10^13", na usiligeuze kuwa namba kamili. Hata wa wekundu huenda amejaa.

Macho yanadanganya hapa. Kwenye spektra ya SDSS bonde linaweza kuonekana halijafika hata nusu ya njia kuelekea sifuri, na huku ndani yake kuna mistari kadhaa myembamba myeusi kabisa ambayo mashine imeichanganya. Sababu isiyo ya kawaida sana ni gesi kufunika sehemu tu ya chanzo cha nuru, au anga kuondolewa vibaya hadi sifuri ikawa si sifuri.

Hidrojeni ina msaada wake. Ikizidi atomu 2×10^20 kwa sentimita ya mraba, mstari wake uitwao Lyman-alfa huota mabawa mapana pande mbili, na mabawa hayo hupimika hata kwa spektra ya kawaida. Baina ya kiasi hicho na gesi chache sana kuna eneo gumu, ambamo kiasi kinaweza kupanda mara mamia na upana usionyeshe.

*Simama hapa:* kutengua mistari iliyochanganyika kwa maumbo ya Voigt (umbo la kihesabu la mstari mmoja mmoja) kwenye spektra hafifu ni kujidanganya. Programu itakupa jibu daima, lenye desimali nzuri. Peleka kwa mtu mwenye spektra za uwezo wa kutenganisha rangi wa 40,000 hivi.

Kushoto kwa Lyman-alfa kumejaa mabonde

Huo ni msitu wa Lyman-alfa, si hitilafu. Kwa kwasari ya z 2.5 huanza chini ya angstromu 4,255. Ni hidrojeni iliyotapakaa baina ya galaksi kwa njia nzima, na mabonde mengi humo hayana galaksi inayoyamiliki. Usitafute mstari mmoja wa metali (kwa wanaastronomia, elementi yoyote nzito kuliko heli, hata kaboni na oksijeni) ndani yake. Mapacha tena, na pale tu ambapo z yao imeshathibitishwa nje ya msitu.

Kinyume chake pia huulizwa: mbona galaksi za karibu hazina Lyman-alfa kwenye SDSS? Kwa sababu mstari huo uko 1,215.67, ndani ya mionzi inayozuiwa na hewa. Unaingia kwenye mipaka ya SDSS kuanzia z ya karibu 2. Kwa galaksi za karibu zaidi tegemea spektrografu ya COS iliyofungwa kwenye Hubble, darubini iliyo angani juu ya hewa, mwaka 2009. Data zake nazo ni za bure.

Mabonde yamekaa karibu mno na z ya kwasari

Gesi iliyo ndani ya kilomita 5,000 kwa sekunde kutoka z ya kwasari huenda ni mali ya kwasari yenyewe. Chukua tofauti ya z mbili, gawanya kwa moja jumlisha z ya kwasari, zidisha kwa 300,000. Ikiwa chini ya kiwango hicho, iweke kando. Bonde likiwa pana maelfu ya kilomita kwa sekunde, kama bakuli, hiyo ni kwasari inayopuliza upepo. Iondoe nzima kwenye sampuli yako na uwaachie wanaozisoma hizo.

Gesi ipo, galaksi haionekani

Mwaka 1969 John Bahcall na Lyman Spitzer walipendekeza kwamba mistari mingi ya kwasari hutoka kwenye maeneo makubwa ya gesi yanayozizunguka galaksi za kawaida. Mwaka 1986 Jacqueline Bergeron akaionyesha galaksi yenye z ile ile ya mfumo wa magnesi, kando ya kwasari. Kwa hiyo kutoiona galaksi yako si ajabu: ilichukua muda hata kwa mabingwa.

Sababu ya kwanza ni mng'ao wa kwasari unaoifunika. Kwenye z ya 0.5 sekunde moja ya tao (pembe ya 1/3,600 ya digrii) ni kama kiloparseki 6, karibu miaka 20,000 ya nuru, na galaksi iliyo karibu hivyo humezwa. Ya pili, galaksi ni hafifu kuliko picha uliyonayo. Ya tatu, z ya galaksi imekadiriwa kwa rangi tu, na makadirio hayo hukosea kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Jirani unayemwona huenda yuko mbele sana au hata nyuma ya kwasari. Linganisha kwa z ya spektra peke yake, na tofauti isizidi mamia machache ya kilomita kwa sekunde. Ya nne, galaksi ni nyingi kwenye kundi moja na gesi ni ya wote.

Ikiwa galaksi ipo na gesi ndiyo haionekani, usiandike "hakuna". Hesabu upana mdogo kabisa ambao kelele yako ingeruhusu kuuona, mara tatu ya shaka, na uandike kuwa gesi haizidi hapo. Vipimo vya namna hii ni nusu ya elimu yote. Utafiti wa COS-Halos, uliotumia Hubble, ulionyesha mwaka 2011 kwamba O VI ni ya kawaida kuzunguka galaksi zinazozaa nyota na ni nadra zaidi kwa zile zilizoacha, na hilo lisingejulikana bila kuhesabu mahali ambapo gesi haikuonekana.

*Simama hapa:* kuthibitisha galaksi kunahitaji muda wa darubini kubwa, na maombi hayaandikwi na mtu mmoja. Afrika Kusini kuna darubini ya SALT huko Sutherland, na kuna darubini ya redio ya MeerKAT yenye dishi 64 huko Karoo, ambako hidrojeni inatafutwa kwa mawimbi ya redio mbele ya kwasari, kwa mstari wa sentimita 21. Wenye kazi hizo ni watu wa kujibu barua.

Ukimwandikia mjuzi

Mpe namba ya bamba, tarehe ya kupima na namba ya nyuzi ya spektra, kama zilivyo kwenye jina la faili. Mpe z ya kwasari na z ya gesi, kila moja na mstari ulioipimia. Taja kama urefu wa wimbi ni wa hewa au wa ombwe. Ambatisha grafu mbili: moja ya spektra nzima ikiwa na kontinuamu yako juu yake, nyingine ya bonde kwa karibu ikiwa na shaka ya kila pikseli. Mwisho orodhesha ulichokwisha kukikagua kwa mpangilio, kuanzia faili hadi kwasari, na uanze na swali lako kwenye sentensi ya kwanza ya barua.